Saa Nane ni Lini? Lugha ya Dozi na Dripu katika Kiswahili cha Zahanati, kwa Kuzingatia Mazingira ya Mwakitolyo

1.0 Utangulizi

Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaounganisha Shinyanga, Kahama na Geita. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, lakini uchimbaji mdogo wa dhahabu umewaleta huko watu wa mikoa mingi na wa lugha nyingi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha duarani, kwenye mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, kwenye karasha, sokoni na katika vyumba vya kutolea dawa. Katika mazingira ya namna hiyo maelezo ya dawa husafiri njia ndefu kabla ya kumfikia mgonjwa. Tabibu amefundishwa kwa Kiingereza. Cheti cha dawa kinaweza kubeba vifupisho vya Kilatini, kama vile «t.d.s.» kwa maana ya kunywa mara tatu kwa siku. Dirishani maelezo hutolewa kwa Kiswahili, na nyumbani huenda yakarudiwa kwa Kisukuma kwa ajili ya bibi anayemlea mtoto.

Hesabu ya dozi na ya kasi ya dripu kwa kawaida huhesabiwa kuwa mada ya wauguzi na wafamasia peke yao. Hapana shaka kwamba hesabu yenyewe ni yao. Hata hivyo, hesabu ikishakamilika jibu lake lazima lisemwe au liandikwe, na hapo ndipo linapoingia katika himaya ya isimu. Jibu sahihi likisemwa kwa maneno yenye utata, mgonjwa hupata dozi isiyo sahihi, na hakuna kosa lolote la hesabu litakaloonekana daftarini.

Makala haya yanachunguza maneno matatu ambayo hubeba karibu uzito wote wa maelezo ya dawa katika Kiswahili, yaani «mara», «kutwa» na «saa». Hoja kuu inahusu neno la tatu. Inadaiwa hapa kwamba utata wa «saa» unatokana na mantiki ya mfumo wa Waswahili wa kuhesabu wakati, kwamba wasemaji wa kawaida wamekwisha kuunda umbo la kuuondoa, na kwamba umbo hilo, «masaa», ndilo ambalo walimu wa lugha wamekuwa wakilisahihisha kwa wino mwekundu.

2.0 Hesabu na istilahi zake

Ni vyema kuanza na hesabu zenyewe, kwa kuwa ni chache na zinaelezeka vizuri kwa Kiswahili. Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito. Ichukuliwe mfano wa mtoto wa kilo 10 anayepewa parasetamoli kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 150. Dawa iliyopo ni ya maji, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kiasi kinachotakiwa hugawanywa kwa kiasi kilichomo katika dawa, kisha huzidishwa kwa ujazo: 150 gawanya kwa 120, zidisha kwa 5, jibu ni mililita 6.25, yaani mililita sita na robo.

Dripu hukokotolewa kwa kanuni nyingine. Ujazo wa maji kwa mililita huzidishwa kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, kisha hugawanywa kwa muda kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu. Mipira mingi ya kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, na ile ya matone madogo, inayotumika hasa kwa watoto, hutoa 60. Lita moja ya maji inayotakiwa kuingia kwa muda wa saa 8 ni mililita 1000 mara matone 20, gawanya kwa dakika 480. Jibu ni karibu matone 42 kwa dakika. Muuguzi asiye na mashine ya kuendesha dripu hutazama saa ya mkononi, huhesabu matone, na kukaza au kulegeza kidhibiti mpaka idadi itimie.

Istilahi zinazohitajika katika hesabu hizo, kama vile uzito, ujazo, kiwango, kasi, tone na muda, zimo katika Kiswahili, na zile zilizokopwa, kama dozi, dripu na miligramu, zimekwisha kuzoeleka. Kazi ya kamusi za kitaalamu, ikiwamo Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, imesaidia sana kwa upande wa majina ya magonjwa, viungo na vifaa. Kwa hiyo tatizo linalojadiliwa hapa haliko katika upungufu wa msamiati. Liko katika maneno madogo ya kila siku ambayo hakuna mtunga istilahi aliyeona haja ya kuyagusa.

3.0 «Mara» na «kutwa»

Bahasha ndogo ya dawa mara nyingi huandikwa «2 x 3». Mtoa dawa huisoma «mbili mara tatu». Kwa mtu aliyepita shule ya msingi, «mbili mara tatu» ni swali lenye jibu moja, nalo ni sita. Neno «mara» hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: alama ya kuzidisha na idadi ya matukio. Kwa hesabu ya jumla ya siku, maana zote mbili hukubaliana, kwa sababu vidonge viwili vikinywewa mara tatu hufanya sita. Tofauti iko katika namna vidonge hivyo sita vinavyogawanywa, na tiba hutegemea mgawanyo huo. Zaidi ya hayo, «2 x 3» haionyeshi ni tarakimu ipi inahesabu vidonge na ipi inahesabu nyakati. Anayeisoma kinyume hunywa vitatu mara mbili.

Kiswahili kina njia ya kisarufi ya kuondoa utata huo, nayo ni uradidi. Mzungumzaji akisema «vidonge viwili viwili, mara tatu», uradidi wa kibainishi cha idadi huleta maana ya mgawanyo: viwili kwa kila tukio. Maana hiyo hiyo huonekana katika «wape vitabu viwili viwili», yaani kila mmoja viwili. Katika lugha nyingi za Ulaya mgawanyo wa aina hii huhitaji neno la ziada lenye maana ya «kila». Kiswahili hurudia tu kibainishi, na upatanisho wa ngeli, «vi-», hubainisha kwamba kinachohesabiwa ni vidonge. Mtoa dawa anayesema «viwili viwili» hutumia sarufi ya lugha yake kwa usahihi kuliko bahasha aliyoishika.

Neno la pili ni «kutwa». Usemi «kutwa mara tatu» umekuwa kama nembo ya vyumba vya dawa kwa vizazi kadhaa. Asili yake ni kitenzi «kuchwa» au «kutwa», yaani jua kuzama, na maana yake ni kipindi chote cha mchana hadi jua linapotua. Mwenziwe ni «kucha», kipindi cha usiku hadi kupambazuka. Ndiyo maana husemwa «mchana kutwa» na «usiku kucha», na kwa siku nzima ya saa ishirini na nne, «kutwa kucha». Kwa maana yake ya asili, basi, «kutwa mara tatu» humtaka mgonjwa anywe dozi zote tatu kati ya mawio na machweo, halafu apumzike saa kumi na mbili za usiku bila dawa. Wasemaji wengi wa leo hawalifikirii neno hivyo. Kwao «kutwa» katika muktadha huu ni «kwa siku». Lakini mazoea ya kulifungamanisha na asubuhi, mchana na jioni yamebaki.

Mahali kama Mwakitolyo mazoea hayo yana athari ya pekee. Mchimbaji anayeshuka duarani usiku na kulala mchana ana kutwa iliyopinduka. Akiambiwa «asubuhi, mchana na jioni», dozi mbili kati ya tatu zinaangukia katika usingizi wake. Dawa inayotakiwa kugawanywa sawasawa katika saa ishirini na nne haiwezi kutegemea jua. Inahitaji kutegemea saa, na hapo ndipo ugumu unapozidi.

4.0 «Saa»: wakati na muda

Tangu mwaka 2006 Tanzania ilipoichagua dawa mseto ya ALu kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali, familia nyingi zimepewa maelezo yanayofanana. Dozi ni sita katika siku tatu. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi; mtu wa kilo 35 na zaidi hupewa vinne. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ile ya kwanza, ya tatu hutolewa saa ishirini na nne baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata hutolewa kila baada ya saa kumi na mbili.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye mtego. Mama amempa mtoto kidonge cha kwanza saa nne asubuhi mbele ya mhudumu, kisha ameambiwa: «Cha pili umpe baada ya saa nane.» Maana iliyokusudiwa ni saa kumi na mbili jioni. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, «njoo baada ya saa nane» maana yake ni njoo baada ya kengele ya saa nane mchana. Mama akilielewa hivyo, atampa mtoto kidonge baada ya muda wa saa nne tu. Kama kidonge cha kwanza kilitolewa saa tisa alasiri, kosa huenda upande wa pili: dozi iliyotakiwa saa tano usiku hungojewa hadi saa nane za usiku wa manane. Mama huyo hana upungufu wa elimu wala wa usikivu. Amefasiri kauli kwa maana yake ya kawaida kabisa.

Katika dawa ya vidonge kosa la saa tatu au nne huenda lisionekane. Katika dripu hali ni nyingine. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au zaidi aliyepungukiwa sana na maji kwa kuharisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka apewe kwa mshipa mililita 30 kwa kila kilo katika dakika 30 za kwanza, kisha mililita 70 kwa kila kilo katika muda wa saa mbili na nusu. Ichukuliwe kwamba mtoto ana kilo 10 na sehemu ya pili ya dripu, mililita 700, imetundikwa saa tano asubuhi. Kasi sahihi ni 700 mara 20, gawanya kwa dakika 150, yaani karibu matone 93 kwa dakika, na chupa inapaswa kwisha saa saba na nusu mchana. Zamu inabadilika, na anayeondoka anaacha ujumbe: «Dripu iishe saa mbili na nusu.» Anayeingia anaweza kuusoma ujumbe huo kuwa ni saa mbili na nusu usiku. Akikokotoa upya kwa muda huo wa saa tisa na nusu, anapata matone 25 kwa dakika. Hesabu zote mbili ni sahihi. Mtoto anayehitaji maji haraka ili mzunguko wa damu usisimame anapata karibu robo tu ya kasi anayostahili.

Wataalamu wa sarufi wanaweza kusema kwamba Kiswahili sanifu hakina utata hapa. Ni kweli kwa kiasi. «Saa» imo katika ngeli ya I-/ZI-, na upatanisho hutenganisha maana: «saa nane imefika» ni wakati, nao ni umoja; «saa nane zimepita» ni muda, nao ni wingi. Lakini upatanisho huo unahitaji kitenzi. Bahasha ya dawa haina kitenzi. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dripu huwa na «saa 8» tu. Hata kauli kamili «baada ya saa nane» haina kipatanishi chochote juu ya nomino hiyo. Sarufi inayoweza kubainisha maana katika sentensi ndefu hunyamaza katika maandishi mafupi, na maandishi ya tiba ni mafupi kwa desturi.

Chimbuko la utata huu linastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi hudhani ni kasoro ya lugha. Saa ya Waswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tena tangu linapotua. Kusema kwamba sasa ni saa nane mchana ni kusema kwamba saa nane zimepita tangu siku ianze. Wakati, katika mfumo huu, ni muda uliopimwa kutoka kianzio kinachojulikana na wote. Ndiyo maana dripu ya saa mbili na nusu ikitundikwa saa kumi na mbili kamili jioni, maana zote mbili hukutana: itakwisha saa mbili na nusu usiku. Utata huzaliwa pale tu kianzio kinapohama kutoka kwenye jua na kwenda kwenye tukio jingine. Ratiba ya ALu, inayoandikwa katika miongozo kuwa saa 0, 8, 24, 36, 48 na 60, ni hesabu ya aina ile ile; mawio yake ni dozi ya kwanza. Anayesikia anahitaji kuambiwa jambo moja tu: hesabu inaanza wapi.

Linaongezeka tatizo la maandishi ya tarakimu. Rekodi za hospitali hufuata saa ya kimataifa, ambamo 08:00 ni saa mbili asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana. Magazeti ya Tanzania, kwa upande wao, huandika «saa 8:00 mchana» kwa hesabu ya Kiswahili. Tarakimu 8:00, kwa hiyo, hutaja nyakati mbili zinazoachana kwa saa sita, kulingana na karatasi ilikotoka.

5.0 Hoja ya «masaa»

Anayesikiliza mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili atasikia mara kwa mara «kila baada ya masaa nane». Walimu hulikataa umbo hili kwa hoja kwamba «saa» haibadiliki katika wingi. Kwa kanuni za ngeli hoja hiyo haina dosari. Lakini matumizi yana kanuni yake pia, na kanuni hiyo inaweza kujaribiwa. Msemaji anayesema «nimengoja masaa nane» hasemi kamwe «tukutane masaa nane» akiwa na maana ya saa nane mchana. «Masaa» hupokea muda na hukataa wakati wa siku. Kiambishi «ma-», ambacho maneno mengi ya mkopo yamekipokea katika wingi, kama marafiki na madaktari, hapa kimepewa kazi ya kutofautisha maana ambayo umbo sanifu haliwezi kuitofautisha bila msaada.

Isimu haina desturi ya kuiita tofauti iliyo thabiti namna hiyo kuwa ni makosa. Wala haifuati kwamba mitihani ya shule ibadilishwe kesho. Kiswahili sanifu kina «muda wa saa nane», nao ni usemi safi na wazi. Udhaifu wake ni kwamba katika haraka ya dirishani neno «muda» ndilo linaloachwa kwanza, na likiachwa utata hurudi. Katika lugha ya tiba, ambako gharama ya utata hubebwa na mgonjwa, «masaa nane» na «muda wa saa nane» yanastahili kuhesabiwa kuwa maumbo ya usalama, na «saa nane» pekee ihifadhiwe kwa wakati wa siku. Mhariri wa vipeperushi vya afya anayefuta kila «masaa» na kuweka «saa» anatimiza kanuni moja ya sarufi na kufuta taarifa ambayo mama alikuwa akiitegemea.

6.0 «Pointi» na nafasi ya desimali

Wilaya za dhahabu zinatoa funzo jingine. Wachimbaji hutaja sehemu za gramu kwa neno «pointi», na hakuna mchimbaji anayechanganya nusu gramu na gramu tano, kwani tofauti hiyo ni jasho la siku nyingi. Neno la shule ni «nukta» au «desimali». Kosa la kuhamisha nukta, linalofanya 0.5 kuwa 5, ni miongoni mwa makosa ya dawa yanayoogopwa zaidi duniani, kwa kuwa huzidisha dozi mara kumi. Ndiyo sababu huelekezwa kwamba sifuri itangulie nukta, iandikwe 0.5 na isiandikwe .5, na kwamba sifuri isifuate, iandikwe 5 na isiandikwe 5.0.

Kiswahili kinaongeza kinga ya tatu, ya matamshi. «Nusu» na «robo» ni maneno yasiyoweza kupoteza nukta, kwa sababu hayana nukta. Mililita 6.25 zikisemwa «sita na robo», hakuna atakayezisikia kuwa sitini na mbili na nusu. Pale ambapo sehemu haina jina la mkato, tarakimu zitajwe moja moja baada ya nukta. Na palipo na «pointi» inayoeleweka na wote, mhudumu hapotezi heshima ya taaluma kwa kuitumia.

7.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanaweza kupendekezwa kwa wanaofundisha Kiswahili katika vyuo vya afya na kwa wanaohariri maandishi ya dawa, yakiwamo yale ya maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea katika mikoa mingine. Kwanza, idadi ya vidonge isemwe kwa uradidi: «kimoja kimoja», «viwili viwili». Pili, muda uandikwe «masaa» au «muda wa saa», na kamwe usiandikwe «saa» peke yake. Tatu, kianzio kitajwe, na jibu litolewe kwa wakati wa siku. Kanuni yake ni nyepesi: jumlisha muda kwenye saa ya dozi iliyopita, na jumla ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Saa tisa alasiri ongeza nane ni kumi na saba. Toa kumi na mbili, ni saa tano usiku. Mama aambiwe: «Cha pili ni masaa nane kuanzia sasa, yaani saa tano usiku wa leo.» Nne, msikilizaji aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe, na kama nyumbani huzungumzwa Kisukuma, arudie kwa Kisukuma ikiwa yupo wa kumsikiliza.

Hakuna pendekezo lolote kati ya hayo linalohitaji istilahi mpya, kamati wala bajeti. Yote yanatumia vitu ambavyo wasemaji wanavyo tayari. Kinachohitajika kwa wanazuoni ni kusikiliza matumizi kabla ya kuyasahihisha, hasa pale ambapo neno moja ndilo linaloamua kama chupa itakwisha mchana au usiku.